Taimauti kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, inafanya kazi kweli au najichosha?

mamaK_kimara

Habari za muda huu wapendwa. Naombeni mawazo hasa nyie mliolea watoto kwenye nyumba zenye watu wengi, maana ushauri wote niliopata mpaka sasa ni wa watu wanaoishi wao wawili na mtoto wao basi.

Nna kijana wangu wa miaka miwili na nusu. Mzima, anakula vizuri, anacheka na kila mtu, ila anang'ata. Akinyang'anywa kitu anang'ata, akikataliwa simu anang'ata, mtoto wa mpangaji mwenzetu ana alama shavuni mpaka naona aibu kupita uani. Mimi na baba yake tulishakubaliana fimbo hatutaki, nikaona Instagram wanasema taimauti, unamtoa kwenye mchezo unamkalisha sehemu moja dakika mbili hasemeshwi na mtu, zikiisha anarudi kucheza. Nikaweka stuli ya plastiki pembeni ya friji.

Sasa shida inaanzia hapo. Tunaishi na mama mkwe, wifi yangu anayesoma chuo, na dada wa kazi, alafu mlango wa sebuleni uko wazi kutwa wapangaji wanaingia na kutoka. Nikimkalisha tu akatoa sauti bibi yake huyo anatoka chumbani "mume wangu kakosa nini jamani", anambeba anampa ndizi mbivu. Wifi anamrekodi anacheka. Baba mmoja mpangaji akipita anamuuliza leo umehukumiwa miezi mingapi. Na siku hizi mtoto akishang'ata anakimbilia kwenye stuli mwenyewe, anakaa, ananiangalia anachekaaa.

Mama mkwe anasema namtesa, ati mtoto hatengwi kama mgonjwa wa kipindupindu. Mume wangu naye ameanza kulegea anasema labda turudi kwenye kifimbo. Mimi sijui nishike lipi, umri wake ni mdogo sana kwa hiki kitu au nakosea namna ya kufanya au tu ni mambo ya kule kwa wazungu hayawezi kuishi Kimara?

---

jembe_la_mkono

Mchape. Mada imeisha. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumechapwa na tuko timamu.

---

pilipili_mbuzi

@jembe_la_mkono uko timamu na unashauri mtoto wa miaka miwili achapwe 😂😂 haya mkuu

---

wakili_wa_mtaa

Jembe tusiende kwenye uzungu kabisa, tubaki hapa hapa kwetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13. Haijamkataza mzazi moja kwa moja kumrudi mwanae, ila inasema adhabu haina uhalali ikizidi umri na hali ya mtoto, na pia haina uhalali kama mtoto kwa udogo wake hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Sasa niambie wewe mtoto ambaye hajui jana na leo anaelewa nini ukimchapa saa kumi jioni kwa kosa la saa nane. Majirani zetu Kenya wao walishamaliza huu mjadala, Katiba yao ya 2010 ibara ya 29 inakataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote, na nyumbani ni humo humo.

Ila mama K na wewe swali hilo hilo linakuhusu. Kwenye stuli anajua kwa nini yuko pale? Kwa maelezo yako anajua kwamba pale ndo panapatikana ndizi.

---

ticha_wa_awali

Dada mamaK pole, nimecheka hapo kwenye ndizi ila pole kweli. Mimi nafundisha watoto wa awali Morogoro na kabla ya hapo nilikuwa dei kea, darasa la wadogo kabisa, kwa hiyo kung'atwa nakujua mpaka kwenye bega langu mwenyewe.

Nianze na umri. Chini ya miaka miwili usijisumbue, mtoto haunganishi alichofanya na kule ulikompeleka, unamtoa tu kwenye tukio unampa kitu kingine. Kuanzia miaka miwili na kidogo ndo inaanza kuleta maana, na wengi wanapima dakika moja kwa kila mwaka wa umri, kwa hiyo wako ni dakika mbili, zisizidi. Kuna wazazi wanaweka nusu saa. Nusu saa mtoto ameshasahau alichokosea, amebaki kukumbuka kwamba mama hamtaki.

Sasa kitu ambacho hizo video hazisemi. Hiki kitu kilitoka kwa wanasaikolojia wa tabia kule Marekani, anatajwa sana Arthur Staats aliyekuwa anajaribu kwa binti yake mwenyewe aliyezaliwa 1960, na wazo lao halikuwa stuli wala kona, wazo lilikuwa kumtoa mtoto kidogo kwenye utamu. Utamu ni mchezo, ni watu kumuangalia, ni wewe. Ukiutoa utamu kwa muda mfupi na ukaurudisha mara tu muda ukiisha, mtoto anaona tofauti. Kwa hiyo jiulize pale kwenye friji kumetolewa utamu gani? Bibi anakuja, shangazi anarekodi, mpangaji anatania, ndizi inatolewa. Wewe umemjengea jukwaa dada angu. Ndo maana anakimbilia mwenyewe, hata mimi ningekimbilia.

Na upande wa pili ndo mbaya zaidi na watu hawauongelei. Kama mtoto kutwa nzima yuko na dada anaangalia tamthilia na hakuna anayemsemesha, hakuna anayecheza nae, basi hakuna utamu wa kumtoa. Stuli kwake ni sehemu nyingine ya kukaa tu. Mtoto wa namna hiyo unahitaji kwanza kumpa, dakika kumi za kukaa nae chini kwenye mkeka simu ikiwa mbali, ndo baadae uwe na cha kumpunguzia.

Kwa kung'ata sisi tulikuwa tunafanya hivi. Hakuna onyo la kwanza wala la pili, onyo ni kwa vitu kama kumwaga maji, kung'ata ni pale pale. Unamshika unasema kwa sauti ya kawaida "hatung'ati, inauma", maneno mawili hayo basi, usihutubie. Unamtoa. Alafu watu wote wanaenda kwa ALIYENG'ATWA. Anabembelezwa yeye, anapulizwa yeye, anapakatwa yeye. Aliyeng'ata anaangalia kwa mbali kidogo anaona umati wote uko kule. Dakika mbili zikiisha unamrudisha kwenye mchezo bila kumkumbusha, na akikaa vizuri na mwenzie hata kidogo tu unamwambia umeona. Asipokaa kwenye stuli akaondoka unamrudisha kimya kimya, humfungi kamba humkandamizi, na kama inageuka kuwa mieleka acha, sogeza watoto wengine wewe kaa nae palepale bila kuongea.

Na usitumie kitanda, usitumie poti. Hutaki aone kulala na kujisaidia ni adhabu, utalia mwaka mzima.

---

jembe_la_mkono

Ticha hiyo yote kwa ajili ya meno ya mtoto? Kofi moja la mkononi ni sekunde moja.

---

ticha_wa_awali

@jembe_la_mkono ni sekunde moja kweli, na kesho yake naletewa mtoto darasani anapiga wenzie makofi ya mkononi, namuuliza nani kakufundisha ananiambia baba. Nakuachia hapo.

---

bi_mkubwa_kisauni

Mie niko Mombasa na mie ndo hao akina mama mkwe munaowasema hapa 😄 wacha niseme lau kidogo. Mwana akilia ndani ya nyumba yangu sikai, siwezi, huo ndio ukweli. Na mke wa mwanangu aliponiletea hayo mambo ya kumkalisha mtoto konani nilikasirika, kwa sababu hakuniambia. Niliona tu mjukuu wangu ameekwa kule yualia na watu wote wamempa mgongo, nani hatakwenda?

Siku aliyokuja kuketi na mie chini akanieleza, mama nataka afanyiwe hivi kwa sababu hii na hii, na kazi yako wewe ni hii, hapo tukaelewana. Mpe bibi kazi! Ticha amesema vyema, aliyetafunwa ndiye abembelezwe, basi hiyo ndiyo kazi ya bibi hasa, hakuna anayeiweza kumshinda. Hiyo ndizi apewe yule mtoto wa jirani. Wallahi utaona mambo mawili, jirani nae atapoa na mjukuu ataacha kucheka.

Ila sikubaliani na nyote kuwa lazima atolewe. Sisi mtoto akianza kisirani ulikuwa wamtuma. "Nenda kaniletee kanga yangu pale", "mpelekee babu kikombe". Mtoto wa umri huo apenda kutumwa kuliko chochote, na mara nyingi ukimtuma kabla hajapandisha hasira hiyo meno haifiki. Mwenyewe mke wa mwanangu sasa afanya hivyo, hiyo kona yakaa siku nyingi haina mtu.

---

mamaK_kimara

Jamani asanteni, ticha na bi mkubwa mmenigusa sana. Hapo kwa mama mkwe ni kweli sikumuelezea, mimi nilidhani ataona tu. Leo jioni naongea nae na hiyo ya ndizi kwenda kwa jirani nimeipenda.

Ila ticha, kitu kimoja. Anang'ata zaidi pale anapotaka kitu na sisi hatumuelewi. Maneno yake bado machache, mama, baba, maji, toka, nyingine anaonyesha kidole na kuguna. Wifi anasema wanaume huchelewa. Inahusiana?

---

nesi_kliniki

@mamaK_kimara inahusiana sana na naomba usikae nayo. Mimi ni nesi, nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto. Mtoto akifika miaka miwili tunategemea anaunganisha maneno mawili, "mama njoo", "taka maji", "baba kaenda". Wa kwako ana miaka miwili na nusu na bado anaguna. Sisemi ana tatizo, wapo wanaochelewa na wakafika, ila hii ya "wanaume huchelewa" imewachelewesha wengi kuletwa. Mpeleke na kadi yake, ukifika usiishie kwenye mzani, sema neno hili hili uliloandika hapa. Aulizwe kuhusu masikio, amewahi kutoka usaha, ukimwita kwa nyuma bila kukuona anageuka? Mtoto asiyesikia vizuri hukasirika na huonekana mkaidi wakati hajakusikia. Hospitali za rufaa zina kitengo cha masikio, pua na koo, wanaweza kumpima hata akiwa mdogo hivyo.

Kuna hii programu ya taifa ya malezi, PJT-MMMAM, ilizinduliwa Desemba 2021, lengo lake ni mtoto wa sifuri mpaka miaka minane aangaliwe vyote, afya, lishe, ulinzi, kujifunza, na vile mzazi anavyomuitikia, sio kilo peke yake. Kwa hiyo hupotezei mtu muda ukiuliza habari za kuongea. Ni haki yako.

Wakati unasubiri, mpe maneno ya kutumia badala ya meno. Akinyoosha kidole kwenye kikombe usimpe kimya kimya na usimkatalie mpaka aseme, sema wewe "maji, unataka maji" alafu mpe. Mfundishe na ishara ya mkono ya "nipe" na "basi". Kumkalisha kwenye stuli mtoto aliyeng'ata kwa sababu hana neno la kusema ni kumuadhibu kwa kitu asichonacho. Akishapata hayo maneno kidogo ndo taimauti ya ticha itakuwa na maana.

Alafu kwa wote mnaosoma, hakuna kufungia mtoto. Nimeona watu wanasema taimauti kumbe wamemfungia mtoto stoo au chooni na taa imezimwa, anaambiwa zimwi linakuja. Hiyo sio taimauti hiyo ni kutisha mtoto, na chooni kuna ndoo ya maji na stoo kuna mafuta ya taa. Mtoto muda wote uwe unamuona.

---

mama_tunu

Nesi samahani nadandia mada. Mimi wangu wa mwaka na miezi kumi ukimkatalia kitu analia kilio kimoja alafu anakata pumzi, midomo inakuwa ya bluu, analegea kabisa kama amekufa, alafu anarudi. Jirani zangu wanasema degedege wananiambia nimpeleke kwa mtu. Kwa hiyo mimi simkatalii kitu chochote sasa hivi, taimauti ndo siwezi hata kuiwaza.

---

nesi_kliniki

@mama_tunu pole mama, inatisha kuliko ilivyo. Unavyoelezea, kilio alafu pumzi kukatika alafu kulegea alafu kurudi mwenyewe, inafanana na kushikilia pumzi, inawapata watoto wengi kuanzia miezi sita mpaka kama miaka sita hivi na hafanyi kusudi, mwili wake ndo unafanya, na wengi wanaacha wenyewe wakikua. Degedege kwa kawaida haisubiri mtoto akataliwe biskuti kwanza. LAKINI usichukue jibu la kwangu ukakaa nalo, mtoto aonwe na daktari mara moja ili ijulikane ni hicho na sio kingine, na waombe wapime wingi wa damu, kwa sababu watoto wenye upungufu wa madini ya chuma hupata hii hali zaidi na wakipewa dawa ya chuma hupungua. Kwa mtu usiende. Na ikimtokea bila kulia, au akiwa na homa, au akakawia kurudi, usisubiri kesho, nenda saa hiyo hiyo.

Ikitokea mlaze chini ubavu, usimtingishe, usimmwagie maji, usimuwekee kijiko mdomoni. Na ukishaonwa na daktari endelea kumkatalia unavyomkatalia watoto wengine. Ukimpa kila kitu kwa kuogopa, atajifunza hilo haraka sana.

---

mama_tunu

Asante sana nesi. Kesho asubuhi naenda.

---

baba_wa_houston

Niko Texas huku mwaka wa nne na familia. Niongeze kidogo upande wa huku kwa sababu mnapasema sana.

Ni kweli wanafanya na madaktari wao wanashauri. Chama chao cha madaktari wa watoto, AAP, mwaka 2018 walitoa tamko wakasema mzazi asipige na asimtukane wala kumuaibisha mtoto, na taimauti ikabaki kwenye zile njia wanazopendekeza. Wapo pia wanaoipinga huku huku, wanasema mtoto mdogo akichanganyikiwa anahitaji kuwekwa karibu sio mbali, ndo utasikia dei kea nyingine wana kona ya kutulia, ina mito na midoli, mwalimu anakaa nae pale. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa kwenye ya namna hiyo na ilimfaa maana ni muoga, wa pili huyu kona ya mito angeilalia akaomba na juisi.

Ila nikiwa mkweli inaturahisikia huku kwa sababu nyumba iko kimya. Tuko mimi na mke wangu. Tukisema wote tunyamaze, tumenyamaza. Na hiyo hiyo ndo shida yetu, mke wangu akiwa zamu ya usiku mimi niko peke yangu na watoto wawili nimechoka, najikuta namuweka mtoto kwenye kiti kwa kuwa mimi ndo nataka kupumzika, kosa lenyewe dogo. Mama K wewe una mama mkwe, una wifi, una dada. Mimi hiyo nyumba yako naitamani kila siku. Wapangie tu.

Wifi asirekodi. Hilo moja liwekee ukali.

---

pilipili_mbuzi

Wifi ndo adui mkuu wa hii stori, bibi tumeshamsamehe

---

mamaK_kimara

Nimeongea na mama. Amenisikiliza mpaka mwisho, alafu akaniambia "ungesema mapema, mimi nilijua umemchoka mtoto." Kaniumiza kidogo ila basi. Tumekubaliana aking'ata, bibi anaenda kwa mtoto wa jirani, mimi nakaa karibu na wangu bila kuongea, dada anaendelea na kazi zake kama hajaona, stuli tumeitoa kabisa maana ameshaizoea kama kiti chake cha enzi. Wifi kanuna ila simu kaweka. Baba yake nimemsomea kile kifungu cha wakili akasema "haya mheshimiwa".

Kliniki naenda Jumatatu kwa ajili ya masikio. Nikimwita kwa nyuma mara anageuka mara hageuki, sasa sijui ni masikio au ni dharau.

---

nesi_kliniki

Usijaribu kujijibu mwenyewe, waambie hivyo hivyo "mara anageuka mara hageuki". Na jaribu wakati TV imezimwa.

---

jembe_la_mkono

Mimi bado niko pale pale, ila hiyo ya kumtuma mtoto kikombe nimejaribu kwa wa kwangu hapa sasa hivi. Kaleta kikombe, karudi kaleta na sufuria, sasa analeta vyombo vyote. Mke wangu anauliza nani kaanzisha.

---

bi_mkubwa_kisauni

😂😂😂 mshukuru Mungu, wengine watafuta msaidizi wa jikoni

---

kulwa_na_doto

Swali jamani kabla hamjalala. Mimi nna mapacha miaka mitatu kasoro, wanang'atana wao kwa wao, wote wana alama, wote wanalia, kila mmoja anamnyooshea mwenzie kidole. Hapo nani anatolewa na nani anabembelezwa?

---

ticha_wa_awali

@kulwa_na_doto wote wanatolewa, kila mmoja upande wake, muda ule ule mmoja. Na kile walichokuwa wanagombania kinaenda juu ya kabati. Usikae kutafuta nani kaanza, hutajua, na wakigundua kwamba unatafuta watakuletea kesi kutwa nzima. Baadae kila mmoja mbembeleze kidonda chake kwa zamu, na kesho yake nunua viwili vinavyofanana, rangi ile ile, maana ukileta chekundu na cha bluu umerudi mwanzo.